Mkubwa Kumwomba Radhi Mdogo



Mwezi huu hatutaanza na habari za watu wengine. Tutaanza na habari yetu wenyewe, kwa kuwa mtu atakaye kusema juu ya uzito wa kukiri kosa, kisha akawataja jirani zake tu, huyo amekwisha shindwa kabla ya kuanza.

Miaka mingi imepita sasa. Katika chuo chetu hapa Kilwa palikuwa na kopo la ada. Watoto huleta ada zao siku ya Alhamisi, nasi huzitia katika kopo hilo na kuliweka juu ya rafu ya misahafu. Alhamisi moja tulihesabu tukaona fedha hazipo. Mtoto mmoja wa miaka kumi na mmoja, yatima wa baba, ndiye aliyekuwa amebaki nyuma kufagia. Tulimwuliza, akakana. Tulimwuliza tena, akakana huku akilia, nasi tukakifanya kilio kuwa ushahidi. Tukamchapa bakora sita mbele ya wenziwe. Siku ya Jumapili mke wetu alikuwa akikung'uta kanzu ili azifue, akazitoa zile fedha mfukoni mwetu. Tulizichukua wenyewe tulipokuwa tukikimbilia sala ya Alasiri, tukasahau. Mke wetu hakutulaumu. Alizipanga zile sarafu juu ya kizingiti, akatuuliza neno moja tu: "Na yule mtoto, Maalim?"

Jumatatu tulikwenda chuoni na nia safi. Tulipomwona mtoto, ulimi ukawa mzito. Badala ya kusema tuliyokusudia tulimweka mbele asome wa kwanza. Jumanne tukausifu mwandiko wake. Jumatano tukampa halua aipeleke kwa mama yake. Alhamisi tukatangaza ya kuwa mwezi ule yeye hatatoa ada. Msomaji anaona mwenyewe: katika siku nne tulitoa heshima, tukatoa sifa, tukatoa tamu, tukatoa na fedha, tulikuwa tayari kutoa kila kitu isipokuwa neno moja. Na mtoto, ambaye hakuwa mjinga, alikuwa akitutazama tu.

Tulijiambia nini siku zile? Kwanza tulijiambia ya kuwa mwalimu akijishusha mbele ya watoto, kesho hawatamwogopa. Kisha tukajiambia ya kuwa wazazi watasikia na kuwahamisha watoto wao. Hata tukafika kujiambia, astaghfirullah, ya kuwa bakora zile hazikupotea bure, kwani huenda mtoto yule alikuwa na kosa jingine tusilolijua. Hapo ndipo tulipojiogopa. Mtu akikataa kukiri kosa lake moja hulazimika kumzulia aliyemkosea makosa mengine, ili hesabu ilingane.

Wiki ya tatu tulifika katika somo la vita vya Badri. Katika vitabu vya sira kumesimuliwa kisa cha Sawad bin Ghaziya, ambacho kila aliyepita chuoni amekisikia. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akizinyosha safu za watu wake kwa mshale, akamchoma nao kidogo tumboni Sawad aliyekuwa ametoka mbele ya safu. Sawad akasema ameumizwa, naye anataka kisasi chake. Mtume akafunua tumbo lake palepale, mbele ya jeshi, akamwambia achukue. Sawad akamkumbatia, akalibusu tumbo lile. Kisa hiki tumekisomesha kila mwaka na kila mwaka tumekisomesha vizuri. Siku ile tulikisoma huku bakora yetu imelala juu ya mkeka, na watoto wote kimya. Hatukuweza kuendelea na sahifa ya pili. Tulimwita yule mtoto mbele tukasema, wenziwe wakisikia: "Fedha zilikuwa mfukoni mwangu. Nilikupiga kwa dhuluma. Nimekosa, nisamehe." Mtoto akainama, akajibu kwa sauti ndogo: "Tangu siku ya halua nilijua, Maalim."

Wala watoto hawakuacha kutuogopa. Walitupigia kelele siku ya pili kama walivyokuwa wakipiga kelele siku zote, nasi tukawanyamazisha kama siku zote. Lakini baadaye mmoja alikuja peke yake kutuambia ya kuwa ndiye aliyevunja mtungi wa maji ya kutawadhia, nasi tulikuwa tumekwisha usahau.

Tangu hapo tulianza kuyachungua maneno yetu ya kuombana radhi, nasi tukaona mengi hayaombi radhi hata kidogo. Neno "pole" twamwambia hata aliyejikwaa mwenyewe. Ni neno la huruma, halina mkosaji ndani yake. "Samahani" twaitumia kupenyeza bega katika msongamano wa watu, au kumwuliza mtu saa. Kisha yako yale maneno makubwa ya anayekwenda Hija, au ya siku za kuingia Ramadhani: mtu huzunguka mtaa mzima akisema asamehewe aliyoyakosa kwa kujua na kwa kutojua. Ada hii ni njema na hatuipingi. Lakini tumewaona watu wakiitumia kama mvuvi atupaye wavu mpana ili asilazimike kumtafuta samaki mmoja. Alimdhulumu jirani mpaka wa shamba la mikorosho, hatua tano, mwaka fulani, naye aujua. Hupita mlangoni kwa jirani huyo akasema "kwa kujua na kwa kutojua", akapewa radhi, akaondoka na hatua zake tano.

Vivyo hivyo katika maziko. Husimama msemaji wa wafiwa akauliza kama yuko anayemdai marehemu, na mwenye deni la fedha hujitokeza au husamehe. Nani amepata kusikia mtu akisimama kaburini akasema: namdai marehemu neno alilonisingizia? Deni hilo hatulitangazi, ingawa Mtume ametufundisha waziwazi ya kuwa aliyemdhulumu mwenziwe katika heshima yake au katika kitu kingine chochote ajitakase leo, kabla ya siku ambayo hapatakuwa na dinari wala dirhamu ya kulipia.

Na huku kwetu kusini tuna mtani. Watu wakikosana, mtani huingia kati, akawatukana wote wawili, akawachekesha, wakala pamoja. Ni neema kubwa, na imeokoa nyumba nyingi. Ila mara nyingi kicheko cha mtani hufunika kosa likiwa bado bichi. Waliogombana hucheka pamoja, na hakuna aliyesema amekosa.

Lakini msomaji atauliza: basi je, Waswahili hatuna njia ya kuomba radhi ya kweli? Tunayo, tena ni ya adabu sana. Walakini inaelekea upande mmoja. Mtoto humwangukia baba yake. Mwanafunzi humwendea mwalimu. Mdogo hutafuta wazee wa kumpeleka kwa mkubwa, akaketi chini, akainamisha kichwa. Hata maamkizi yetu ya shikamoo, ambayo asili yake ni kushika miguu, yanapanda kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Njia hiyo ya kupanda tumeifagia vizuri. Ile ya kushuka, mkubwa amwendee mdogo, haina hata maneno yake. Mkubwa akitaka kuipita hajui aanzie wapi, atakaa au atasimama, atamtuma nani. Ndiyo maana baba aliyemtukana mwanawe bure humnunulia viatu. Mume aliyemdhulumu mkewe huleta kitenge au samaki mkubwa, akauliza kwa sauti ya juu kama kuna nazi nyumbani. Na mama mkwe hujifanya amesahau.

Twadhani hapo ndipo ulipo uzito wenyewe. Si kwamba mtu hajui ya kuwa amekosa. Aghalabu anajua usiku uleule. Anachoogopa ni kuonekana ameshuka, tena mbele ya yule aliyezoea kumtazama akiwa juu.

Yanayomkuta mwalimu wa chuo huzikuta na dola, na sisi watu wa pwani ya Kilwa tuna haki ya kulisema hili, kwa sababu tumesubiri. Kilwa Kivinje, mwaka 1895, Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya aliyepinga utawala wao. Miaka kumi baadaye, mwezi wa Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, watu waling'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kuilima, na vita vya Majimaji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu maji akiwaambia yatawakinga na risasi, alinyongwa Mohoro mwezi wa Agosti uliofuata, vita vikiwa vichanga. Moto ukaenda kusini hata Songea, ambako watu kadha wa kadha, pamoja na Chifu Songea Mbano, walinyongwa mwaka 1906. Majeshi ya Kijerumani yalichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko bunduki. Wako wanaohesabu waliokufa kuwa 75,000, na wako wanaofika 300,000.

Neno lilikuja lini? Lilikuja tarehe 1 Novemba 2023. Siku hiyo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama katika Makumbusho ya Majimaji mjini Songea, mbele ya kizazi cha Chifu Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu zao, akaahidi kuichukua habari hiyo hata kwao ili Wajerumani wengi zaidi waijue. Miaka 118 tangu Nandete! Barazani kwetu tulinung'unika kidogo ya kuwa angefika na Umatumbi, maana moto uliwashwa huku. Lakini hakuna aliyekana ya kuwa mkubwa ameshuka ngazi akasema.

Sasa mlinganishe na mwenziwe. Siku moja tu kabla ya hapo, tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles wa Uingereza alikuwa Nairobi. Naye alisema juu ya mabaya waliyotendewa Wakenya walipopigania uhuru. Alitaja huzuni kubwa na majuto mazito, akasema mambo yale hayana udhuru. Kuomba msamaha hakuomba. Alifika kizingitini, akasimama. Na miaka kumi nyuma, tarehe 6 Juni 2013, serikali ya Uingereza ililieleza Bunge lake masikitiko yake juu ya walioteswa wakati wa Mau Mau, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228, na papo hapo ikashikilia ya kuwa haikubali dhima kisheria. Fedha zimetoka, neno limebaki. Msomaji atatuwia radhi, lakini tuliposoma habari hiyo tuliikumbuka halua yetu.

Wanasheria watasema sababu yake iko wazi: neno la kukiri ni ufunguo wa mlango wa madeni, na anayelitamka leo kwa mmoja kesho atagongewa na mia. Hii ni kweli, na ndivyo ilivyo hata nyumbani. Anayesema "nimekosa" amempa mwenziwe haki ya kuuliza "basi utafanya nini?" Wala hatusemi ya kuwa neno la Songea lilimaliza deni. Kizazi cha Chifu Songea kimelitafuta fuvu lake kwa miaka mingi, na ombi la msamaha la siku ile halikulileta. Walakini aliyekiri deni amekwisha kubali kuwa ni mdeni; asiyekiri, hata akilipa, anatoa sadaka.

Wala viongozi wetu wenyewe hawakukosa mfano. Mzee Ali Hassan Mwinyi, alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mwaka 1977 kwa ajili ya watu waliokufa wakiwa mikononi mwa polisi huko Shinyanga, ingawa mkono wake haukumgusa mtu. Je, alishuka? Mwaka 1984 alikuwa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 akawa Rais wa Tanzania nzima. Na Mwalimu Nyerere, alipohojiwa mwaka 1984, alisema kama angeanza upya asingevunja serikali za mitaa wala vyama vya ushirika. Mambo hayo mawili aliyatenda mwaka 1972 na mwaka 1976. Twawajua watu wasiompenda Mwalimu ambao humheshimu kwa maneno hayo tu.

Turudi barazani. Jioni ile ya habari za Songea, tulipokuwa tumekwisha kuwahukumu Wajerumani na Waingereza, kila mmoja kwa zamu yake, mzee mmoja aliyezaliwa bara, kwao Ungindo, akaweka kikombe chake cha kahawa chini akasema: "Na Kilwa itaomba radhi lini?"

Palikuwa kimya. Kila mtu alielewa. Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa alifanya mkataba na Mfaransa Morice wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka kwa visiwa vya Wafaransa. Katika karne iliyofuata Kilwa Kivinje ikawa bandari kubwa ya watumwa katika mwambao huu. Misafara ilishuka kutoka Nyasa na nchi za Wayao na Wangindo, na majahazi yakawapeleka Unguja kwa maelfu, hata Sayyid Barghash alipofunga biashara hiyo ya baharini kwa mkataba wa tarehe 5 Juni 1873. Nyumba za mawe za Kivinje, ambazo twawaonyesha wageni kwa fahari, hazikujengwa kwa chumvi na mtama peke yake.

Basi tukaanza kujibu, na laiti tungenyamaza. Mmoja akasema walioanza ni Wafaransa. Mwingine akasema wenye biashara walikuwa Waarabu wa Unguja na matajiri wa Kihindi waliowakopesha. Wa tatu akasema watumwa waliuzwa na ndugu zao wa bara. Wa nne, ambaye ndiye sisi, akasema ya kuwa zamani zile dunia nzima ilifanya hivyo, na kuwa utumwa wetu haukuwa kama ule wa Marekani. Yule mzee akatusikiliza mpaka mwisho, akatuambia kwa upole kuwa Mjerumani naye angeweza kuyasema yote hayo: ya kuwa askari wake wengi walikuwa watu weusi, na ya kuwa zamani zile dola zote zilifanya hivyo. Kisha akaaga.

Usiku ule hatukupata usingizi mzuri. Sababu si Sultani wa mwaka 1776, maana huyo ana hesabu yake kwa Mola wake, nasi hatuwezi kumtubia. Sababu ni jambo la miaka saba tu iliyopita, ambalo hatukupata kumwambia mtu.

Kaka yetu ana binti. Kijana mmoja wa mtaa wa pili alileta posa. Kijana mwenye sala, mwenye kazi, amehitimu Kurani chuoni kwetu, na baba yake tulisoma naye sisi wenyewe juu ya mkeka mmoja. Kaka yetu aliridhika na binti aliridhika. Nasi, kwa kuwa ndio wasomi wa ukoo, tuliulizwa shauri. Tulimwita kaka yetu kando tukamwambia maneno matano: "Unajua asili yao watu wale?" Alijua, kama ajuavyo kila mtu wa mtaa, ya kuwa bibi mzaa babu yao aliletwa kutoka Nyasa, naye alikuwa wa nyumba ya mababu zetu. Tukaongeza neno la kafaa kutoka katika vitabu vya fiqhi, ili dhuluma ivae kilemba. Utumwa ulifutwa kwa sheria katika nchi hii mwaka 1922, umri wa mzee na mjukuu wake ukiunganishwa. Sisi tuliurudisha kwa maneno matano. Posa ikarudishwa kwa udhuru mtamu wa kuwa binti bado anasoma. Mwaka uliofuata binti akaolewa na mwingine, na kijana akauhama mji.

Hapo utaona, msomaji, kwa nini bakora sita zilikuwa rahisi kuziombea radhi kuliko maneno matano. Kwa yule mtoto tulikuwa mwalimu aliyekosa, na mwalimu akikosa hubaki mwalimu. Lakini kumwendea baba wa kijana yule ni kukiri ya kuwa uungwana wetu wote, tuliorithishwa na ambao kwao twapewa nafasi ya mbele katika kila hitima, ulisimama juu ya mgongo wa mtu, na ya kuwa tulipotakiwa kuushusha tuliukandamiza tena. Wazee husema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Sisi tulikuwa tumesimama wima miaka saba.

Kilichotuzuia zaidi, tukiri na hili, ni hofu ya kufungiwa mlango. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari ya kuwa Abubakari na Omari walikosana, Abubakari akajuta, akamwomba mwenziwe amsamehe, Omari akakataa. Abubakari, mkubwa wao kwa umri na kwa cheo, akaenda kwa Mtume akiwa na majonzi. Baadaye Omari naye akajuta, akamwendea nyumbani asimkute, akamfuata kwa Mtume. Na uso wa Mtume ulipobadilika kwa ghadhabu, Abubakari alipiga magoti akasema, tena mara mbili, ya kuwa aliyekosa zaidi ni yeye. Tumekisoma kisa hiki mara nyingi tukimtazama Omari aliyekataa. Safari hii tulimtazama Abubakari aliyekataliwa, na bado hakuyarudisha maneno yake.

Siku ya pili baada ya Alasiri tuliteremka pwani. Yule jamaa alikuwa chini ya mkungu, akishona wavu, mguu mmoja umeunyosha uzi. Alitukaribisha gogo la kukalia. Tulizungumza juu ya upepo wa kusi na bei ya samaki, tukaona tunaanza tena mambo ya halua, tukasimama. Hapo hii "sisi" ya kalamu haikufaa kitu. Tulimwambia: "Posa ya mwanao haikurudi kwa ajili ya masomo. Mimi ndiye niliyesema neno juu ya asili yenu, na neno lile ndilo lililoirudisha. Nimekosa kwako na kwa mwanao. Sikuja kujitetea."

Hakuinua macho upesi. Alimaliza tundu alilokuwa akilishona, akakata uzi kwa meno.

"Mke wangu alisema siku ileile," akajibu. "Mimi nikamkataza. Nikamwambia Maalim hawezi."

Hatukuwa na la kujibu. Akavuta tundu la pili. Kisha akauliza: "Mwenyewe yuko Lindi, anafundisha shule. Namba yake unayo?"

Tulisema hatuna. Akaitoa simu yake mfukoni, akaifuta mikono yake kwanza, akatusomea tarakimu moja moja, nasi tukaziandika nyuma ya daftari la mahudhurio tulilokuwa nalo. Radhi hakutupa, wala hatukuiomba mara ya pili. Adhana ya Magharibi ilipotoka tulikwenda msikitini pamoja, yeye mbele kidogo.

Tumempigia kijana mara mbili, hakupokea. Jumamosi, inshallah, tutakwenda Nangurukuru alfajiri kungoja gari la Lindi.